Fundi viatu wa Marikina na mlio wa miguu ya Alimpuyo

Saa kumi na moja alfajiri, kabla muuza mikate hajapita na baiskeli yake, Perfecta Calimag amekwisha kaa kwenye kigoda. Amebana buti jekundu katikati ya magoti, na misumari midogo imejipanga mdomoni mwake. Anachomoa mmoja, anaugonga, anachomoa mwingine. Ukimsalimia saa hizi hakujibu kwa maneno. Ananyanyua nyusi tu, na hapo ujue umeshaitikiwa.

Misumari ikiisha, analigeuza buti, analishika shingoni na kuligonga sakafuni. Ko-pa. Anatega sikio. Analigonga tena. Ko-pa.

"Yatosha basi, mama," anasema mumewe, Lario, aliye kwenye cherehani upande wa pili wa karakana. "Majirani watafikiri tumeanza kufuga farasi."

"Waache wafikiri. Wewe shona."

Katika nyumba hii mume ndiye anayeshona na mke ndiye anayepiga nyundo. Ukitaka kulifanyia mzaha jambo hilo, jaribu, lakini mizaha yote ilishamalizwa na majirani zamani, na Aling Pekta, yaani Bi Pekta, kama mtaa mzima unavyomwita, ana majibu yake mkononi. Ana umri wa miaka sitini na mmoja. Ametengeneza viatu vya maharusi, vya masista, vya askari, na katika miaka ya karibuni vya watu wa sinema, ambao anasema ndio wasumbufu kuliko wote, kwa sababu bibi harusi akikubali kiatu chake harudi kesho yake kukibadilisha rangi.

Buti alilolibana leo ni la Alimpuyo.

Alimpuyo ni yule shujaa wa vijarida vya katuni ambavyo mama zetu walivikodi na kuvisoma palepale kibandani, wamebanana kwenye benchi, kwa kuwa kununua kijarida kizima kulikuwa ni anasa. Mchana ni dobi, anafua nguo za watu mtoni. Akisikia mnyonge anaonewa, anazunguka kama kimbunga na kupaa angani. Wasomaji wake hupenda kusema kwamba anapaa kwa sababu hana nauli.

Sasa katengenezewa filamu. Imeshapigwa karibu yote, isipokuwa zile sehemu anazotua ardhini, ambazo inabidi zirudiwe. Leo alasiri mwigizaji Rhealyn Mirabueno atashushwa kwa nyaya kutoka juu ya paa la soko akiwa amevaa buti hili na pacha wake, na Jumamosi jioni watu wa mtaa watamwona kwenye kitambaa cheupe kitakachotandazwa uwanja wa mpira wa kikapu.

Wakimkataa tena, kama walivyomkataa mwezi uliopita, wenye fedha za filamu wameshatamka. Haitaingia kwenye majumba ya sinema Krismasi. Itakatwa vipande vifupi vya kutazamwa kwenye simu, na Alimpuyo atarudishwa kabatini. Kwa jinsi mambo ya sinema yanavyokwenda, hatatolewa tena humo katika uhai wa Aling Pekta.

"Na nikifa yeye hajafika sinema, nitamwambia nini mama yangu?" anauliza, sasa misumari imeshatoka mdomoni. "Maana huko ndiko ninakokwenda kumkuta, na yule ataniuliza tu. Hata salamu hatangoja."

*

Mama yake aliitwa Consolacion, naye alikuwa dobi.

"Kama Alimpuyo kabisa, ila hakupaa," anasema Aling Pekta. "Angepaa tungekula vizuri zaidi."

Consolacion alivaa mitalawanda maisha yake yote, ile ya ubao wenye ukanda mmoja juu ya vidole. Akiingia tu kwenye kichochoro, watoto wake walimsikia kabla hajafika kona. Mmoja alikimbilia kukoroga chungu, mwingine alifagia kwa haraka, na aliyekuwa anapigana na mwenzake alimwachia shati. Mlio ule ndio uliokuwa saa ya nyumba.

Lakini Marikina ni mji wa viatu. Hapa kila mtu ama anakata ngozi, ama anashona ngozi, ama anauza gundi kwa wanaoshona. Kuitwa mtu wa mitalawanda ni tusi, maana yake huna ladha, huna pesa na hujui kitu. Siku mama yake alipomletea chakula shuleni, Pekta aliisikia mitalawanda toka getini, ikaja ikipiga kelele ukumbi mzima hadi mlangoni mwa darasa.

"Wenzangu walikuwa watoto wa mafundi. Wote wakaangalia chini, kwenye miguu ya mama. Nikajifanya simjui. Ndiyo, andika hivyo hivyo, nilijifanya simjui mama yangu. Mwalimu akaniuliza, 'Yule si wako?' Nikanyamaza."

Alijifunza ufundi ili amvishe mama yake viatu. Hilo analisema bila kuzunguka. Ngozi ya kwanza aliyoinunua kwa jasho lake aliikata kwa kipimo cha miguu ya Consolacion, viatu laini vyenye soli ya mpira, visivyotoa hata mnong'ono. Mama alivivaa, akazunguka navyo chumbani, akalia kwa furaha. Kisha akasimama, akaviangalia.

"Akaniambia, 'Vizuri mno, mwanangu. Ila sasa mtajuaje kwamba nimefika?' Tukacheka wote. Nilidhani ananitania."

Alizikwa navyo.

*

Mwongozaji wa filamu, Anselmo Ylagan, ambaye kila mtu anamwita Direk kama wanavyoitwa waongozaji wote hapa, alimfuata Aling Pekta mwanzoni mwa mwaka akiwa na picha mbili. Ya kwanza ilikuwa jalada la kijarida. Alimpuyo yuko angani, amevaa mabuti mekundu yanayofika magotini, yanang'aa. Ya pili ilikuwa ukurasa wa ndani, wino mweusi tupu. Humo Alimpuyo ana mitalawanda yake ileile ya udobi, hata baada ya kugeuka shujaa.

Jambo hilo halikuwa la ajabu wakati huo. Jalada lilichorwa na mtu mwingine, aliyelipwa ili livutie macho, na ndani alichora mwenye hadithi yake.

"Nikamuuliza, Aling Pekta, tufuate ipi?" anakumbuka Direk, kijana mwenye miwani mizito na shati lisilopigwa pasi. "Hata sijamaliza swali."

"Jalada!" anadakia Aling Pekta. "Shujaa atoke Marikina amevaa ubao? Nikiwa mimi hai? Nilimwambia, mwanangu, ukitaka ubao nenda kamtafute seremala."

Direk naye hakubisha. Anakiri kwamba aliyapenda yale mabuti tangu utotoni, alipokuwa akivitazama vijarida vya zamani vya mjomba wake vilivyohifadhiwa kwenye mifuko ya nailoni, visiguswe. Yeye hakuwahi kukaa kwenye benchi la kibanda hata siku moja.

Kwa hiyo Aling Pekta akayatengeneza mabuti ya jaladani. Walioyaona wanasema hajawahi kutengeneza kitu kizuri kama kile. Ngozi laini kama shavu la mtoto, soli ya mpira iliyomwezesha Rhealyn kutua kutoka juu kimya kimya kama paka.

Mwezi uliopita wakaionyesha filamu uwanjani, bure, kwa watu wa mtaa. Direk hupenda kuwajaribia hawa kwanza. Anasema watu wa mjini wana adabu mno, hata wakichoka wanakupigia makofi. Wa hapa wakichoka wanaondoka na kiti chao.

Ikafika sehemu kubwa. Wahuni wamemzunguka muuza samaki kichochoroni, Alimpuyo anashuka kutoka mbinguni, anatua nyuma yao. Uwanja mzima ukawa kimya. Mtu akakohoa. Kisha pembeni mtu mmoja akacheka, na cheko likaenea.

Taa zilipowashwa, wa kwanza kusema alikuwa Aling Sepa, muuza uji wa mchele pale penye njia panda, mama wa miaka sabini na ushee.

"Dada ni mzuri," alisema. "Anang'aa. Ila ni nani?"

"Ndiye Alimpuyo, mama," Direk akajibu.

"We kijana usinichezee. Alimpuyo namsikia kabla sijamwona."

Hapo wazee wakaanza kusema kwa pamoja, na kila mmoja anataka asikike. Kumbe kwenye kila toleo kulikuwa na picha moja ya kichochoro kitupu, hakuna mtu, ila maandishi ya mlio tu: KO-PA. Msomaji akiifikia, aligonga miguu yake kwenye ubao wa chini wa benchi. Aliye pembeni, hata kama anasoma hadithi nyingine ya mapenzi, alijua Alimpuyo amefika, naye akagonga. Mwenye kibanda aligomba kila siku kwamba wanamvunjia benchi, na yeye mwenyewe akigonga.

"Tulikuwa tunamfikisha sisi," alisema Aling Sepa. "Kwa miguu yetu. Sasa wewe umemshusha kimya kimya kama mwizi."

Aling Pekta aliinuka akiwa amelishika lile jalada juu. "Haya, hili nini? Si mabuti haya? Mna macho au hamna?"

"Jalada?" Aling Sepa akamtazama kwa huruma kabisa. "Mwenzangu, jalada lilikuwa limeshachanika kabla kijarida hakijanifikia. Mimi nimemsoma miaka yote hiyo na jalada sijaliona."

*

"Sikuvunjika moyo," anasema Aling Pekta. "Watu wanapenda kuandika kwamba mtu alivunjika moyo. Mimi nilikasirika. Siku mbili sikusema na huyu bwana."

"Zilikuwa siku nzuri sana," anasema Lario kutoka kwenye cherehani.

Alikasirika kwa sababu alijua. Yeye jalada aliliona, ndiyo, lakini kurasa za ndani alizisoma pia. Alijua Alimpuyo ana nini miguuni. Alijua tangu siku ile Direk alipoziweka picha mbili mezani, na kwa ile aibu ya zamani ya mlangoni mwa darasa akachagua tena viatu visivyosikika.

Wenye fedha walitaka njia fupi. Fundi wa sauti akachukua mlio wa ubao akaubandika juu ya picha zilezile. Direk anasema waliangua kicheko wenyewe chumbani.

"Sikio linasikia ubao, jicho linaona mpira. Mtu wa mitalawanda hatembei vile. Anabana vidole, anainua goti. Mwili mzima unajua kilichoko chini."

Direk ameshaulizwa mara nyingi kinachofanya filamu ya katuni ipendwe au itupwe, na siku hizi ana jibu moja. "Si kupaa. Nani hapai siku hizi? Kompyuta inampaisha hata kuku. Mtu amemsoma shujaa wake miaka na miaka, ameshaitengeneza filamu yake kichwani, na ile huwezi kuishinda, hata ukipewa pesa za dunia. Unachoweza kumwonyesha ni kwamba mlikaa benchi moja. Mimi nilitaka kuwadanganya wazee wale kwamba nilikaa nao, wakanigundua."

Siku ya tatu Aling Pekta akamwambia mumewe asogee, akatafuta ubao.

Hakuwahi kutia soli ya ubao maishani mwake. Buti la kwanza lilipasuka msumarini. La pili Rhealyn alilijaribu kwa kuruka kutoka juu ya meza ya kukatia ngozi, na nusura ategue kifundo cha mguu, maana ubao haupindi, na mguu lazima upinde. Ikabidi Aling Pekta afanye jambo ambalo fundi wa Marikina halifanyi. Alipanda basi kwenda Liliw.

Hawa wa Liliw na wa Marikina ni mahasimu wa miaka. Wa kule wanatengeneza ndala na mitalawanda, wa huku viatu, na kila upande unamwona mwenzake kama mtoto aliyepotea. Aling Pekta alimkuta Mang Ambo Brosas, yaani Mzee Ambo, mchongaji wa miaka sabini na mbili, amekaa kibarazani anachonga vimitalawanda vidogo vya kutundikia funguo, kwa ajili ya watalii.

"Marikina imekuja kwa magoti?" Mang Ambo akamuuliza baada ya kusikia shida yake.

"Imekuja kwa basi. Magoti yanauma."

"Nasikia kwenu mnasema ubao ni wa kuni."

"Tulisema."

"Na sasa?"

"Sasa nimekuja kuomba kuni, kaka."

Mzee akacheka mpaka akakiweka kisu chini. Lakini Aling Pekta alipomweleza kwamba anataka soli ikatwe vipande viwili, pale vidole vinapokunjikia, na viunganishwe kwa ngozi, cheko likamtoka usoni.

"Umkate mtalawanda kiuno? Huo ni uuaji, mama. Mimi siuui."

"Basi nipe ubao, nitaua mwenyewe."

Walibishana siku tatu. Alilala kwa dada yake Mang Ambo, akala samaki wao wa kuchoma, akasikiliza kila kejeli waliyonayo juu ya Marikina, nazo ni nyingi. Ubao mwepesi ulikuwa mzuri mguuni lakini ukilia kama boga. Mgumu ulilia vizuri, ila ulikuwa mzito kwa mtu wa kuning'inizwa. Mwishowe Mang Ambo, huku akilalamika, akachonga mwili wa soli kwa mti mwepesi na kupachika kipande kigumu kisiginoni na kingine mbele. Aling Pekta akakata, akaunganisha kwa ngozi ya nyati, akavaa mwenyewe, akakanyaga saruji ya kibarazani. Kisigino kikatangulia, mbele ikafuata.

Ko-pa.

Ndani ya nyumba dada yake Mang Ambo aliacha masufuria, akatoka huku anajifuta mikono, akachungulia njiani.

"Nani amefika?" akauliza.

Aling Pekta anasema hapo alikaa chini, palepale sakafuni, akalia.

*

Alasiri, nyuma ya soko, wingu limetanda. Watu wa filamu walishawapelekea masista wa Santa Clara mayai ili mvua isinyeshe, kama ilivyo desturi hapa. Lario anaangalia juu na kusema mayai yalikuwa machache.

Rhealyn amevaa. Ngozi nyekundu ya jaladani imebaki juu, hilo Aling Pekta alikataa kuliacha, na chini upo ubao wa kurasa za ndani. Binti huyu ametembea na mitalawanda nyumbani kwake wiki mbili mfululizo, mpaka wapangaji wa ghorofa ya chini wakampandishia malalamiko.

"Mama Pekta, kidole gumba kimekufa ganzi."

"Vizuri. Kikifa hakiumi. Bana ubao kwa vidole, usiukanyage. Ung'ang'anie."

Wanampandisha. Anashuka, anatua, anayumba. Tena. Mara ya tatu anatua vizuri, lakini wingu limefunika jua. Mara ya nne ile ngozi ya nyati inayounganisha soli ya kulia inachanika, na Rhealyn anaanguka kwa goti. Watu wote wanamkimbilia.

Mtu aliyetumwa na wenye fedha, kijana nadhifu aliyekuwa kimya mchana kutwa, anafunga mwavuli wake. "Direk, inatosha. Mvalisheni yale ya mpira tumalize. Huyu binti akivunjika mguu itakuwaje?"

Ni swali la haki. Direk anamtazama Rhealyn. Rhealyn anapangusa goti, anamtazama Aling Pekta.

Aling Pekta ameshalivuta lile buti. Amegeuza kopo la rangi akalikalia, ametoa msharasi wake wa kutobolea ngozi na uzi wenye nta. "Ni kosa la mshono wangu, si la ubao," anasema. "Niliupitisha mara moja. Naupitisha mara tatu."

"Dakika ngapi, mama?" anauliza yule kijana.

"Utajua nikimaliza."

Hakuna anayeondoka. Lario anamshikia buti, hasemi mzaha wowote. Uzi unaingia na kutoka. Tone la kwanza la mvua linamwangukia mkononi, analifutia kwenye sketi. Akimaliza, hamkabidhi Rhealyn buti. Analivaa mwenyewe kwanza, na pacha wake, miguu yake minene imejazana humo, anapanda juu ya kreti la samaki na kuruka, mwanamke wa miaka sitini na mmoja. Anatua. Mshono unashika.

"Haya," anasema, akihema. "Sasa mpe mtoto."

Wanapata kutua mara moja tu kabla mvua haijamwagika.

*

Jumamosi jioni uwanja umejaa mpaka kwenye ngazi za chuma za watazamaji. Aling Pekta hataki kukaa. Amesimama chini ya goli la kikapu, amekunja mikono, na Lario pembeni anamenya karanga anampa, naye hali.

Kwenye kitambaa kichochoro kinatokea, kitupu. Hakuna mtu. Direk ameuacha utupu ule udumu mpaka unaanza kukera.

Ko-pa.

Kimya.

Ko-pa.

Kimya kilekile cha mwezi uliopita. "Nikasema moyoni, basi, tumekwisha," anasema Aling Pekta. "Nikaanza kutafuta njia ya kutokea."

Alikuwa amesahau jambo moja, na wote walikuwa wamelisahau. Siku hizi hapa hakuna anayevaa mitalawanda. Wazee wale walikuwa wameshaanza kugonga miguu yao gizani, lakini wamevaa ndala za mpira, na ndala za mpira hazilii.

Aling Sepa ndiye aliyeinama. Akavua ndala zake, moja kila mkono, akayapigiza mabamba yale ya mpira kwenye ngazi ya chuma kwa nguvu zake zote. Aliyekuwa pembeni yake akavua zake. Mwingine akachukua kopo, mwingine mwiko wa sufuria ya karanga. Dakika haikupita ngazi nzima ikawa inanguruma, na wajukuu ambao hawakuwahi kuliona benchi la kibanda wakaruka kwa miguu miwili juu ya chuma kwa sababu bibi zao wanafanya hivyo. Maneno ya filamu hayakusikika tena. Alimpuyo aliwapiga wale wahuni bila mtu kujua alichowaambia, na hakuna aliyelalamika.

Direk alikuwa amekaa nyuma ya mashine ya kuonyeshea, miwani ameivua, anapiga kofi paja lake kwa mlio uleule. Yule kijana nadhifu wa wenye fedha alikuwa amesimama juu ya kiti.

Jumatatu simu ikapigwa. Filamu inaingia sinema siku ya Krismasi.

*

Aling Pekta hajifanyi kwamba kila kitu kimekwisha. Uwanja wa mtaani ni mmoja, anasema, na nchi ina visiwa vingi. Vijana wa mijini watakaoingia sinema na vikombe vyao vya soda hawajui habari ya benchi. Huenda wakaona ni mwanamke tu anayepiga kelele na miguu. Kwenye mtaa wake karakana zilikuwa kumi na moja, leo zimebaki tatu, na filamu moja haitazifufua.

"Lakini aingie kwanza," anasema. "Akishaingia, nao ni binadamu, wana masikio."

Anasema hataitazama. Ameshaiona vya kutosha. Atakaa mstari wa nyuma kabisa, atafumba macho na kusikiliza miguu ya watu.

Juu ya meza ya kukatia ngozi kuna kifurushi kilichofungwa kwa gazeti, kimeletwa na basi la kutoka Liliw. Ndani yake kuna mitalawanda, ya mti mzimamzima, haikukatwa kiuno. Mang Ambo ameichonga kwa kipimo alichoandikiwa, na ameweka ujumbe kwamba hii asithubutu kuiwekea ngozi ya nyati. Ni kipimo cha miguu ya Consolacion, ambacho binti yake hajakisahau, na ambacho sasa, kwa kuwa uzee umemnenepesha, kimekuwa cha miguu yake mwenyewe.

"Asubuhi ya Krismasi, kabla ya sinema, nitapita makaburini," anasema. Anaiweka sakafuni, anaingiza vidole, anabana. "Kule njia ni ya saruji kutoka getini mpaka kwake. Nitatembea katikati, taratibu, watu wageuke wanione wapendavyo. Nataka anisikie toka getini. Ajue nimefika."